Tulivyokwenda Mbarara kwa ajili ya pua ya Fidele

Sifa, Godeliva, na ninyi wengine wote wa benchi letu, mliniuliza nilikuwa wapi siku zile nilizokosa shule, na kwa nini kaka yangu amerudi na uso ule ule wakati watu wa madukani Misiera walishatangaza kwamba amekwenda kukatwa pua. Mnanijua. Nikiulizwa mbele ya watu ulimi unanikauka, natazama viatu. Kwa hiyo nimeandika. Someni, mpokezane, halafu msiniulize tena. Na yeye msimuulize kabisa.

Kwanza muelewe jambo lenyewe. Fidele ni kinyozi, mmemwona kwenye kibanda chake. Anampenda Esperanse, binti wa Mzee Zakariya mwenye shamba la maharage upande wa kisimani. Akatafuta mtu mzima wa parokia wa kumsindikiza na kumsemea, wakaenda kuposa. Mzee aliwapokea vizuri, akawapa pombe ya ndizi, akamsikiliza msemaji mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kijana ni mzuri. Anafanya kazi, anasali, halewi. Abadilishe pua tu, halafu aje tuongee."

Watu wakacheka. Fidele hakucheka. Alirudi nyumbani akachukua kile kioo chake cha kazi, akakitazama mpaka mama akamnyang'anya.

Kwetu Burundi wapo watu wanaosoma pua kama wengine wanavyosoma kitambulisho. Baba yetu alikuwa wa kabila la upande ule, mama ni wa upande huu, wa kina Mzee Zakariya. Baba alifariki hapa hapa kambini Nakivale kwa ugonjwa nikiwa mdogo, hata picha hakuacha. Aliacha pua: ndefu, nyembamba, yenye kigongo katikati. Mimi pia ninayo, ila msichana anajitanda kitambaa, anainamisha kichwa, siku zinapita. Fidele anasimama mbele ya kioo tangu asubuhi hadi jioni, na wateja wanamwona yeye kabla hawajajiona wao.

Sasa muuguzi mmoja mteja wake akamwambia kwamba Mbarara kuna kliniki inayotembelewa na daktari wa kutoka Kampala, anayerekebisha sura za watu. Hapo ndipo mimi nikaingizwa. Fidele Kiingereza hajui, alisoma kwa Kirundi na Kifaransa kidogo. Akaniambia, "Odila, wewe utakuwa mdomo wangu." Mdomo wake! Mimi ambaye nikiitwa kusoma darasani mnajua inakuwaje.

Mama tulimwambia ukweli. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema tu, "Baba yenu alikuwa akisinzia, pua hiyo inapiga filimbi." Halafu akaendelea kuchambua.

Misiera, tukisubiri

Tulitoka asubuhi kabla jua halijawaka vizuri, na bado tulikuwa Misiera jua likiwa kichwani. Gari tuliloahidiwa lilikwenda na watu wengine. Tukakaa mbele ya duka la vitenge. Fidele alikuwa amevaa viatu vya Jumapili, na hilo lilikuwa kosa, maana hakuna anayepita Misiera katikati ya wiki na viatu vya Jumapili bila kuulizwa.

"Eh, kinyozi! Unaenda kuoa?"

"Bado."

"Basi nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi viatu ni vya nini?"

Mwenye kuuliza alikuwa mwuza sabuni mmoja ambaye mdomo wake haujui likizo. Akaniangalia mimi, nami nikaangalia chini, na nadhani alisoma kila kitu kwenye utosi wangu, kwa sababu tulipopata gari habari ilikuwa imeshazunguka. Mtoto mmoja alitupungia mkono akiwa ameshika pua yake. Fidele alimpungia pia. Ndivyo alivyo.

Pikapu la maziwa

Lililotuchukua ni pikapu la maziwa lililotoka upande wa Rugaaga, limejaa makopo makubwa yale ya bati. Dereva alikuwa Mnyankore mnene mwenye kofia ya sufu. Alipomwona tu Fidele akafungua uso wote.

"Agandi, ssebo!"

Fidele anajua kujibu salamu hiyo tu. "Ni marungi."

Dereva akamwaga Kinyankore kingi, Fidele akasimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba hatusikii, sisi ni Warundi.

"Hapana," dereva akasema kwa Kiswahili chao. "Wewe dada, wewe labda. Lakini huyu anadanganya. Pua hii iko ya watu yetu, watu ya ng'ombe. Kuja, kaa mbele."

Mbele palikuwa na mwanajeshi wa kambi ya jeshi, anakwenda likizo. Dereva akamwambia asogee nyuma.

"Mimi? Mimi askari unanitupa nyuma na maziwa, sababu ya pua?"

"Ssebo, si kukaa tu."

"Basi hata mimi nitatafuta pua nyingine," askari akasema, akaruka nyuma pamoja nami, akakaa juu ya gurudumu la akiba. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, na alinipa nafasi nzuri ya kushika chuma ili nisirushwe.

Barabara mnaijua. Kila baada ya muda tunasimama, mtu anatoka kichakani na kopo lake, dereva anachovya kijiti cha kupimia, wanabishana kwamba maziwa yametiwa maji, wanapatana, tunaondoka. Askari akaniuliza, "Kaka yako iko mugonjwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Anaenda oa?"

Nikatikisa. Akaendelea kunitazama kwa upole, na sijui kilinipata nini. Labda ni kwa sababu nilijua sitamwona tena. Nikasema, "Anaenda kubadilisha pua."

Alicheka mpaka akashika kopo asianguke. "Pua? Lakini inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Inasikia harufu?"

"Inasikia."

"Sasa?"

Nikavuta kitambaa usoni. Naye akasema, bila kucheka tena, "Rafiki yangu kule tulipigana, bomu ilichukua pua yake yote. Alibaki na tundu. Kila siku alikuwa ananiambia, afande, hata ile mubaya ningeirudisha." Akageuka akaangalia migomba. Halafu gurudumu likapasuka.

Lilipasuka tulipokuwa tumepita Kabingo. Gurudumu la akiba lilipotolewa, nalo likaonekana halina upepo. Dereva akapanda boda kwenda kulijaza, akakawia sana. Jua lilikuwa kali, na aliporudi akafungua kopo moja, akasema afadhali maziwa yanywewe na watu kuliko kuharibika. Akajaza kikombe kikubwa cha plastiki akampa Fidele kwanza, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwe. Sisi wengine tulifuata kwa kikombe kidogo.

Fidele alikunywa akiwa ameinama. Nilimwona anapangusa povu, halafu kidole kikabaki pale kwenye kigongo, kikipanda na kushuka. Nadhani alikuwa anawaza nilichokuwa nawaza. Kwamba tumetoka nyumbani na pua moja, ile ile, na hapa barabarani inapewa kikombe kikubwa.

Daktari wa bidoni

Tulifika Mbarara jioni, watu wengi, boda zinapita kila upande mpaka ukivuka barabara unafumba macho. Askari akatuaga. Alimwambia Fidele, "Wewe, tunza hiyo," akagusa pua yake mwenyewe, akapotea.

Jina la mtaa wa kliniki Fidele alikuwa amelishika vibaya. Lakini neno moja alilishika vizuri, kwa sababu muuguzi alilirudia mara nyingi: plastiki. Huyo ni daktari wa plastiki. Basi akamwambia mtu wa boda, "Tupeleke kwa daktari wa plastiki."

"Dokta wa plastiki? Namujua sana. Panda."

Akatuzungusha, akatuteremsha kwenye uchochoro nyuma ya maduka, ambako mzee mmoja amekaa chini kati ya mabeseni yaliyopasuka na bidoni za kuchotea maji zinazovuja. Alikuwa na jiko la mkaa na chuma chekundu cha moto. Kila mtu anayepita anamsalimia, "Dokta!" Kazi yake ni kuziba plastiki.

"Leteni mugonjwa," akasema.

Fidele akamtazama mzee na kile chuma chake cha moto. Akanitazama mimi. Nilipaswa kuwa mdomo wake, nikasema, "Ni yeye."

"Yeye? Bidoni iko wapi?"

"Hakuna bidoni. Ni pua."

Wanawake waliokuwa wanangoja mabeseni yao walianguka kwa kicheko, nawaambia. Mmoja alilia machozi. Mzee mwenyewe hakucheka haraka. Aliinua chuma, akakipeleka karibu na pua ya Fidele kama anayepima, akasema, "Ssebo, hapa sioni mahali inavuja." Hapo hata Fidele alicheka. Ndicho kicheko chake cha pekee katika safari nzima, na bado nakisikia.

Kwa Mama Furaha

Tulilala kwa Mama Furaha, Mkongomani aliyekuwa jirani yetu Nakivale kabla hajahamia Mbarara kuuza samaki wa chumvi. Ana chumba kimoja na pazia.

"Batoto ba mama Leonia! Muingie, fasi iko. Mumekula?"

Tukasema tumekula. Alitupuuza, akatuletea bugali na sombe na samaki. Sombe yake, kisamvu cha Kikongo, ina mawese mengi, inateleza yenyewe. Nilikula kwa aibu halafu nikala bila aibu. Kesho yake asubuhi tulikwenda kliniki tukaambiwa daktari hajafika kutoka Kampala, tujaribu kesho. Tukarudi tukamsaidia kupanga samaki sokoni. Watu wakawa wanamsalimia Fidele kwa Kinyankore na kununua kwake, Mama Furaha akapiga vigelegele. "Weye ukae hapa! Hiyo pua inauzisha kunipita miye!"

Jioni akamuuliza amekuja kutafuta nini kwa daktari. Fidele akamwambia yote. Mama Furaha aliacha kukuna sufuria.

"Kwa sababu ya bibi wa kuoa?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye bibi anasema nini?"

"Anasema baba yake ndiye anasema."

"Mm." Akakuna tena. "Mimi bwana yangu wa kwanza alikuwa na meno mubaya mingi. Akaenda akatengeneza. Akarudi na meno ya muzuri sana. Akaenda nayo kwa mwanamuke mwingine." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Lakini weye hauko vile, papa. Weye unapenda. Ile ndiyo magonjwa."

Chumba cha daktari

Siku iliyofuata tulimkuta. Kwenye benchi tulikaa na mama mwenye mtoto wa mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, na msichana aliyeungua shingo. Fidele alipowaona alitaka kuinuka aondoke. Nilimshika shati mpaka tukaitwa ndani.

Muuguzi akasoma fomu yetu na kusema, kwa Kiswahili, "Huyu ni upasuaji wa urembo."

Fidele akanong'ona, "Mwambie mimi sitaki urembo. Mimi ni mwanamume. Nataka pua ya kawaida tu."

Nikasema kwa Kiingereza. Daktari, mtu mwembamba mwenye miwani, si mzee, akatabasamu. "Wanaume wote wanaanza hivyo. Mwambie asione haya. Wanakuja wengi, ila wanaingia kwa mlango wa nyuma."

Alimshika kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga, kama Fidele mwenyewe anavyowageuza wateja. Akapapasa mfupa. Akammulika puani kwa tochi ndogo. Akauliza kama anapumua vizuri, kama aliwahi kuvunjika, kama vidonda vyake vinaacha makovu makubwa ya kuvimba. Mimi nageuza maneno huku, nageuza kule. Lakini naona nilisema kila kitu. Nawaandikia nilivyosikia, kwa sababu baadhi yenu mna kaka wenye mawazo kama haya.

Alisema kigongo kinaweza kusuguliwa. Lakini ukishakisugua, mfupa wa pande mbili lazima uvunjwe kwa makusudi ili ukutane tena. Atalala usingizi wa dawa. Akiamka atakuwa na ganda gumu juu ya pua, macho yamevimba na kuwa meusi kama aliyepigwa na watu wengi. Atapumulia mdomo kwa siku kadhaa. Hatacheza mpira, hatabeba mzigo, hatapenga kamasi kwa nguvu. Na alisema ngozi ya pua ya wanaume wengi ni nene, haishuki upesi. Uvimbe mkubwa utaondoka mapema, ila umbo lenyewe la mwisho huenda asilione mpaka karibu mwaka upite.

"Mwaka!" Fidele akasema kwa Kirundi.

Daktari akaendelea. Wanaume wanakosea kuomba pua ndogo sana, halafu uso unageuka wa mtu mwingine, hauwi wa kike wala wa kiume, na kurudisha ni kazi ngumu kuliko kutoa. Yeye huacha pua ya mwanamume iwe na nguvu yake, anapunguza kidogo tu. Wengine hulazimika kupasuliwa tena. Wengine wanapona vizuri kabisa na bado hawafurahi, na hao si kwamba pua imekataa.

Kisha akavua miwani. Akauliza swali moja kwa Kiingereza: anatarajia nini kutoka kwa pua hii mpya? Sasa neno hilo la kutarajia mimi nalijua kwenye daftari, ila mdomoni halikuja. Kwetu nyumbani kutarajia na kungoja ni neno moja. Nikamwambia Fidele, "Anauliza, unangoja nini kwa pua mpya?"

Fidele hakufikiri. Akasema, "Namngoja Esperanse."

Daktari akaniuliza, amesema nini? Sikuweza kupindisha. Nikamwambia ametaja jina la msichana. Na daktari aliponiangalia ili niendelee, niliendelea, sijui sauti ilitoka wapi. Nilimweleza habari ya Mzee Zakariya, ya posa, ya kucheka kwa watu. Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele ya mgeni maishani. Fidele alikuwa anasikia jina lake katikati ya Kiingereza, anatazama ukutani ambako kuna picha ya pua imekatwa katikati kama papai.

"Nani mwingine ana pua hii kwenu?" daktari akauliza.

"Marehemu baba yetu."

"Na wewe," akasema. Nilikuwa nimesahau. Kitambaa kilikuwa kimeshuka shingoni wakati wa kugeuzageuza maneno. "Wewe unaionaje yako?"

Nilipandisha kitambaa.

Daktari akamwambia Fidele, na hapa alijaribu Kiswahili chake mwenyewe, polepole, ili asipitie kwangu. "Ndugu. Mimi naweza kata mufupa. Kuleta mutu, hapana. Sitengenezi hiyo. Rudi kwa huyo muzee. Muulize: pua ikibadilika, utakubali? Muulize kwa mudomo yako. Halafu, kama bado wewe mwenyewe unataka, kwa ajili yako, kuja. Nitakuona."

Fidele akasimama, akamshukuru kwa mikono miwili. Nje, kwenye ngazi, alisema, "Hajakataa, Odila. Umesikia? Amesema nimuulize mzee, halafu nirudi." Alikuwa na haraka. Alininunulia rolekisi barabarani, chapati na mayai ya moto, akasahau kujinunulia yake.

Kurudi

Njia ya kurudi sina mengi ya kusema. Mvua ilitukuta Isingiro, tukajibanza chini ya bati la duka la mbolea pamoja na mbuzi wa mtu. Fidele alikuwa anajizoeza maneno. "Mzee, nimefika kwa daktari. Inawezekana. Itachukua mwaka, lakini Esperanse na mimi tunaweza kusubiri mwaka." Anasema, anabadilisha, anasema tena. Akaniuliza kama aseme mwaka au aseme muda kidogo. Nikamwambia aseme kweli. Nilikuwa nawaza ile siku ya posa, watu walivyocheka, nikatamani mvua isikatike.

Kwa Mzee Zakariya

Hatukupitia nyumbani. Tulikwenda na matope yetu moja kwa moja. Mzee alikuwa kwenye kiti uani, Esperanse jikoni, moshi unatoka. Binti alipotuona alisimama mlangoni, akarudi ndani. Mzee akatukaribisha tukae.

Fidele akasema maneno yake. Alisema mwaka. Alieleza mfupa, ganda, uvimbe, kila kitu. Mzee alikuwa anasikiliza huku uso unamshuka, unashuka, kama mtu anayesomewa habari ya msiba.

"Umekwenda mpaka Mbarara?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa lile neno langu?"

"Ulisema nibadilishe, halafu nije tuongee."

Mzee alijishika kichwa. "Mwanangu. Mwanangu. Posa haikataliwi kwa kumwambia mtu hapana machoni. Unajua. Mtu anasema, lete maziwa ya fahali, kila mtu anacheka, msemaji wako anaelewa, mnarudi bila aibu. Nilisema jambo lisilowezekana ili nisikuumize." Akamtazama. "Sikujua siku hizi linawezekana."

Fidele akauliza, kwa sauti ya chini, kama daktari alivyomfundisha, "Lakini likiwezekana, mzee. Utakubali?"

Kuku alipita kati yetu.

"Kila Jumamosi unaninyoa," mzee akasema. "Nafumba macho. Unadhani nasikia raha. Wakati wa mauaji kule kwetu, kaka yangu mkubwa aliitwa mlangoni na jirani yetu, kwa jina lake, kwa upole, kama anakwenda kunywa pombe. Hakurudi. Nilikuwa mtoto, nilichungulia, nikaona uso wa yule jirani kwa upande, kwenye mwanga wa mlango." Alinyoosha kidole hewani akachora ile pua, kigongo na vyote. "Najua si wewe. Ulikuwa hujazaliwa. Najua mikono yako ni safi, ndiyo maana nakupa shingo yangu. Lakini mjukuu wangu nitambeba, nitamtazama. Hata ukiikata yote ukaitupa, mwanangu, mimi nitaiona pale pale."

Akaanza kulia. Sijawahi kuona mzee analia vile, bila kujificha, machozi yanaingia mdomoni. Fidele ndiye aliyemwinamia akamshika bega. Ndiye aliyesema, "Basi, mzee. Basi. Nimesikia."

Tulitaka kuondoka. Mzee akakataa. Mgeni aliyetoka safari haondoki na njaa kwake, akasema, hata kama. Ikaletwa meza, ikaletwa ubwabwa na maharage na ndizi zilizopikwa na mafuta ya mawese. Harufu ilikuwa nzuri, na sijui kama mnaelewa ilivyouma kwamba ilikuwa nzuri.

Esperanse akaja na jagi na beseni kutunawisha. Alianza kwa baba yake. Akaja kwangu. Kisha akapiga magoti mbele ya Fidele, akamimina. Fidele alinawa, akamaliza, mikono ikawa safi. Hakuiondoa. Naye hakuacha kumimina. Hawakutazamana. Mzee alikuwa amegeukia ukuta, wala hakusema inatosha. Maji yalishuka taratibu juu ya vidole vya kaka yangu, beseni likajaa, likaanza kumwagika kwenye miguu yetu, mpaka jagi likawa tupu. Na hata hapo, mikono ya wote wawili ikabaki palepale.